Damu ya Siku ya Tisa

Siku ya kumi na tatu damu ilirudi, na safari hii haikumkuta Miliakere akiwa peke yake na mama mkwe wake. Ilimkuta mbele ya mama yake mzazi.

Ilikuwa asubuhi, saa tatu hivi, na mvua ya delta ilikuwa ikinyesha kwa utulivu wake wa kila siku. Miliakere alikuwa ameketi mkekani, mgongo ukutani, bakuli la mchuzi wa samaki mapajani, na mama yake, Varanisese, akimhimiza aunywe ungali moto. Ghafla akasema, "Mama, subiri," kama mtu anayesikia hodi mlangoni. Akaliweka bakuli chini kwa uangalifu, lisije likamwagika, na mkeka chini yake ukabadilika rangi.

Taraivini, mama mkwe, alikuwa amesimama mlangoni na mtoto begani. Aliiona ile rangi kabla ya mwenzake: nyekundu mbichi, ileile. Na kabla huruma haijamwingia, kabla hata hofu, neno moja lilimpita moyoni. Tadoka.

Neno hilo halitamkwi ovyo katika nyumba yenye mzazi. Mwanamke aliyejifungua hukaa ndani usiku mia. Maji baridi hayamgusi, kizito hanyanyui, juu ya beseni hainami; hupikiwa, hukandwa, hutunzwa na watu wa mumewe. Akiugua tena kabla ya usiku mia kutimia, ugonjwa huo huitwa tadoka, na hapo hakuna anayejali mgonjwa amekula nini wala ameumia wapi. Watu huuliza swali moja tu: alikuwa nyumbani kwa nani?

"Hii nini?" aliuliza Varanisese.

"Damu ya uzazi, dada. Inajisafisha."

"Mimi nimezaa sita. Damu ya uzazi naijua." Varanisese alikuwa tayari amepiga magoti kando ya mwanawe, amemlaza, ameinua miguu yake juu ya mto. Hakupaza sauti. Alikuwa mwanamke wa kisiwani, mrefu, mwenye kupima maneno kama mtu anayepima dawa. "Mwite Peceli. Boti iwashwe."

Peceli, mume wa Miliakere, alikuja mbio. Alimbeba mkewe kupitia matope mpaka kwenye boti, akawasha mashine, na wakaufuata mkono wa mto Rewa katikati ya mikoko hadi kwenye gati ya barabarani. Njiani ile damu ilipungua. Walipofika hospitali mjini ilikuwa imebaki kama uzi.

*

Daktari wa wodi alikuwa msichana mwembamba aitwaye Pritika, nywele zake zimefungwa kwa kalamu. Aliuliza huku akiandika.

"Alijifungua kwa upasuaji, sivyo? Na hii damu imeanza lini?"

"Leo," alijibu Taraivini, kabla mtu mwingine hajafungua mdomo.

"Kabla ya leo hakuna kitu? Hata kidogo?"

"Hakuna, daktari. Yuko ndani tangu arudi. Hajatoka hata mlangoni. Kila siku mchuzi moto, kila siku tunamkanda."

Daktari aliinua macho kidogo. Alikuwa ameuliza kuhusu damu. Amejibiwa kuhusu heshima. Akamgeukia mgonjwa. "Na wewe, dada? Ni hivyo?"

Miliakere alimtazama mama mkwe wake. Kisha akamtazama mama yake, aliyesimama miguuni pa kitanda, mikono kifuani. Midomo ya mgonjwa ilikuwa imepauka kama ganda la muhogo.

"Leo, daktari," alisema.

Daktari akaandika: leo. Taraivini alihisi nafuu, na nafuu hiyo ikamwaibisha.

"Picha inaonyesha donge ndani ya mji wa mimba," alisema Pritika. "Huenda kipande cha kondo kimebaki. Chumba kikipatikana tutamwingiza tukamsafishe. Saa sita hivi. Ni kazi ndogo."

"Na mkimsafisha, damu ikaendelea?" aliuliza Varanisese.

"Tutajaribu njia nyingine." Daktari alisita. "Mara chache, tukishindwa kabisa, inabidi kuutoa mji wa mimba ili kumwokoa mtu."

"Ana miaka ishirini na mitatu. Huyu ni mtoto wake wa kwanza."

"Najua, mama."

*

Taraivini alitoka na mtoto ukumbini, akaketi kwenye benchi karibu na dirisha. Mtoto alikuwa msichana, naye alipewa jina la bibi yake, kwa hiyo Taraivini hakumwita mjukuu. Alimwita somo.

"Tulia, somo," alimwambia. "Tulia. Mama yako mzima."

Muuguzi mmoja, mfupi mnene, alikuwa akipita na beseni la vifaa. Akasimama, akainama kumchungulia mtoto.

"Mama, huyu mtoto ana macho ya kaa. Nyinyi si watu wa matopeni kule, mdomoni mwa mto?"

Taraivini aliinua uso. Lafudhi ile aliijua. Ilikuwa ya milimani. Watu wa milima na watu wa delta ni watani tangu enzi za mababu. Wakikutana, hata msibani, huanza kwa kutukanana.

"Ndio sisi," alijibu. "Na wewe si wa kule juu, ambao mkiiona bahari mnatafuta kizibo chake?"

"Tulikitafuta, tukakuta mmekila."

Taraivini alicheka, cheko la kwanza tangu asubuhi. Muuguzi, ambaye kwenye kibandiko chake paliandikwa Ateca, akaketi ubavuni pake kana kwamba hana kazi nyingine duniani.

"Mkaza mwana wako ni yule wa kitanda cha nne?"

"Ndiye."

"Mzuri. Ila nyinyi watu wa matope mna mambo. Mzazi wa siku kumi na tatu ana vidole vya dobi! Natafuta mshipa wa dripu, nakuta mkono umechubuka na sabuni ya unga. Mmeoa mke au mmenunua mashine ya kufulia?"

Mtani hakasirikiwi. Ndiyo sheria, na kila mtu anaijua. Lakini ipo sheria nyingine ndani yake, isiyotajwa sana: mtani anaweza kukuuliza lile ambalo ndugu yako wa tumbo moja hathubutu. Taraivini aliacha kucheka.

"Alifua siku moja tu," alisema.

"Siku gani?"

"Ya tisa."

Ateca aliliweka beseni sakafuni. Utani ulikuwa umemtoka usoni, lakini sauti yake ilibaki ileile, ya mtu anayepiga soga. "Na siku ya tisa kukatokea nini, mtani?"

Taraivini alitazama mlango wa wodi. Kupitia kioo aliuona mgongo wa Varanisese, umenyooka kama nguzo.

"Unanikamata kama kuku."

"Nakuuliza tu. Mimi sina wa kumwambia, wote huku mnanichukia. Lakini saa sita wanamwingiza kukwanguliwa. Kama kuna jambo, daktari alijue kabla, si baada."

"Mwambie wewe. Sema umelisikia mahali."

"Niseme nini? Sikuwepo. Ataniuliza ilikuwa kiasi gani, rangi gani, iliachaje. Nimjibu nimeota?"

"Mama yake yuko mle ndani."

"Nimemwona." Ateca aliinuka, akalichukua beseni lake. "Sisi wa milimani hatujui kuogelea, mtani. Lakini mtu akizama, tunapiga kelele."

Akaenda zake. Saa ya ukutani ilisema saa tano na dakika ishirini.

Siku tatu zilizopita, usiku wa kumi ulipotimia, watu kumi na mmoja wa upande wa Miliakere walikuwa wametoka kisiwani kwa meli, na mikeka na mafuta ya nazi, kuja kumwona binti yao. Walimkuta ameketi juu ya mikeka safi, amepakwa, amevishwa. Wanaume wa pande mbili wakanywa kava, kinywaji cha mizizi cha kupokea wageni, na msemaji wao akasimama akasema: tumemwona, mmemtunza, asanteni. Wageni wengine waliondoka na meli ya kesho yake. Varanisese akabaki kumkanda mwanawe. Sasa akisema kweli, maneno yale yangerudishwa. Wazee wa ukoo wangepaswa kuchukua jino la nyangumi na kwenda kuomba radhi kwa sababu ya nyumba ya Taraivini, mjane, ambaye hata sala ya wanawake huiongoza yeye. Na watu wa kisiwani wangekuwa na haki ya kumchukua binti yao, pamoja na mtoto. Somo wake.

Alikaa na hesabu hiyo dakika kadhaa. Kisha akakumbuka jinsi Miliakere alivyoliweka lile bakuli chini polepole, ili asiuchafue mkeka wa watu.

Akainuka.

*

Pritika alikuwa kando ya kitanda na karatasi ya idhini. Miliakere alikuwa ameshika kalamu.

"Daktari," alisema Taraivini, "nilikudanganya."

"Mama, usi..." alianza Miliakere.

"Nyamaza, mwanangu. Ulinibebea vya kutosha." Alimpa Peceli mtoto. Alitaka mikono yake iwe mitupu. "Leo si mara ya kwanza. Siku ya tisa nilikwenda mtoni kutafuta kome wa karamu ya usiku wa kumi. Mvua ilikuwa haikatiki, nepi zimerundikana. Asubuhi nilipokuwa natoka nilisema, wageni wanakuja kesho na nyumba inanuka. Sikumwambia afue. Nilisema nyumba inanuka. Mkaza mwana anajua maana yake."

Peceli alimsogeza mtoto bega la pili.

"Niliporudi nilimkuta amesimama kando ya beseni, damu imefika visiginoni. Nyekundu mbichi, kama bomba limefunguliwa. Nikamlaza. Muda wa kuiva chungu cha magimbi, ikakatika yenyewe. Nikazichoma zile nguo. Nikamwambia tusiseme, mama yako anafika kesho. Akasema, sawa, Mama."

Kalamu ya daktari ilikuwa imesimama. "Ilikatika yenyewe? Ghafla?"

"Ghafla. Kama mtu kafunga bomba."

"Na zile siku za katikati?"

"Madoa tu."

"Na leo vilevile? Imemwagika, halafu njiani ikapungua?"

"Vilevile," alijibu Varanisese. Lilikuwa neno lake la kwanza tangu ukweli uanze kusemwa, na alilisema bila kumtazama Taraivini.

Pritika aliichukua karatasi ya idhini mikononi mwa Miliakere, taratibu, akaikunja mara mbili. "Sista Ateca! Zuia chumba. Asiingizwe. Niletee ile mashine ya picha yenye rangi, na umpigie Daktari Shalvin. Mwambie sasa hivi."

Watu wa wodini walianza kwenda huku na huku. Katikati yao Varanisese aliuachia mkono wa mwanawe, akasimama.

"Tadoka," alisema, kwa sauti ya mtu anayesoma jina lililoandikwa juu ya mlango. "Usiku wa kumi mlituonyesha mtoto wetu, tukawashukuru. Mimi mwenyewe nilikushukuru kwa mdomo wangu, Mama Peceli. Ukaipokea shukrani yangu."

"Niliipokea."

"Ikashuka?"

"Haikushuka, dada. Mpaka leo imenikwama hapa."

*

Daktari Shalvin alikuwa mtu mzima, miwani imepandishwa kwenye paji la uso. Aliisogeza kamera ya mashine juu ya tumbo la Miliakere, akaigeuza, akairudisha, kisha akawaita wote watazame. Kwenye kioo paliwaka duara dogo. Nyekundu na buluu zilikuwa zikizungukana ndani yake kama maji yanayoingia shimoni.

"Hili si donge la kusafishwa. Ni mshipa. Ukuta wake una jeraha, umevimba pembeni, kama tyubu ya baiskeli inavyochungulia kwenye tairi lililochanika. Unajaa, unapasuka kidogo, unamwaga. Damu inaganda, unaziba. Halafu unarudia, na kila ukirudia unazidi."

"Na tungemkwangua leo?" aliuliza Pritika.

"Tungekwangua palepale." Alilisema bila kumtazama, ili asimwaibishe.

Miliakere aliinua kichwa. "Kwa hiyo mnautoa mji wa mimba?"

"Sitaki kuutoa. Nakuchoma ganzi hapa, kwenye kinena. Napitisha mrija mwembamba kama tambi ndani ya mshipa, naufuata kwenye picha mpaka pale penye jeraha, naziba kwa vipande vidogo vya sponji. Sponji yenyewe itayeyuka baada ya wiki kadhaa, jeraha limeshapona. Mji wa mimba una mishipa mingine ya kuulisha. Hakuna kisu. Wala hutalala, utanisikia nikilalamika mgongo."

"Na ukishindwa?" aliuliza Varanisese.

"Nikishindwa, mama, madaktari wa upasuaji watakuwa chumba cha pili, na wao watautoa ili aishi. Sikufichi."

Taraivini aliinamisha kichwa. Neno lile halikukusudiwa kwake, lakini lilimpata.

Karatasi mpya ililetwa, na Miliakere akaitia saini mwenyewe. Peceli alimrudishia mama yake mtoto, akapandisha mkono wa shati, akaenda kutoa damu. Mashine iliyohitajika ilikuwa ya wagonjwa wa moyo. Mzee mmoja aliyekuwa kwenye foleni yake tangu alfajiri alipoelezwa, alisogeza kiti chake cha magurudumu pembeni. "Mpitisheni mzazi," alisema. "Moyo wangu umesubiri miaka mitano, saa moja hautasusa."

*

Nje ya chumba kile palikuwa na viti vinne vya plastiki. Varanisese aliketi cha kwanza, Taraivini cha nne. Mtoto alikuwa amelala.

Radhi ya kosa kama lile ina utaratibu wake. Huombwa na wanaume, kwa msemaji na kwa jino la nyangumi, na mkosaji mwenyewe hukaa nyuma bila kufumbua mdomo. Taraivini hakuwa na msemaji wala jino. Alisimama, akaenda mbele ya kiti cha Varanisese, na akaketi sakafuni, mtoto mapajani, kichwa chake chini kuliko magoti ya mwenzake. Sakafu ilikuwa baridi, inanuka dawa. Akakunja viganja, akapiga makofi ya heshima mara tatu, yale mazito yenye sauti ya shimo.

"Nimekuja mikono mitupu," alisema. "Nilipewa mwanao akiwa mzima. Niliyajali macho yenu kuliko mwili wake. Nilimpika yeye ili niwaandalie nyinyi."

Varanisese alitazama mlango.

Kijana aliyekuwa akisukuma toroli la mashuka alifika, akakwama. "Samahani, mama. Mguu."

Taraivini aliuvuta mguu wake. Toroli likapita, gurudumu moja likilia. Watu wawili waliokuwa wakingoja dirisha la dawa walitazama, kisha wakajifanya hawatazami. Aliendelea kukaa palepale.

"Inuka," alisema hatimaye Varanisese. "Mtoto atapata baridi."

"Umenisamehe?"

"Nimesema mtoto atapata baridi."

Taraivini akainuka. Safari hii aliketi kiti cha pili, na Varanisese hakusogea.

*

Daktari Shalvin alitoka baada ya saa moja na robo, anajinyoosha mgongo.

"Imeziba," alisema. "Nimesubiri, nimetazama tena, imeziba. Anauliza kama anaweza kunyonyesha. Nimemwambia alaze mguu sawa mpaka jioni, mtoto ataletwa kwake."

Varanisese aliufunika uso kwa viganja viwili. Mabega yake yalitikisika mara moja, yakatulia. Alipoishusha mikono, macho yalikuwa makavu.

"Daktari, nijibu kama ulivyonijibu mwanzo. Ni kufua? Ni maji baridi yaliyomfanya hivi?"

Taraivini alishika pumzi. Swali hilo lilikuwa hukumu yake.

"Hapana, mama. Kufua hakutoboi mshipa. Jeraha lilianza siku ya kujifungua, na si kosa la mtu, huwatokea wachache. Hata angelala juu ya godoro siku zote tisa, lingepasuka."

Nafuu ilimjia Taraivini kifuani, kubwa, kama pumzi ya mtu aliyetoka chini ya maji. Lakini daktari hakuwa amemaliza.

"Ila mngemleta siku ile ya tisa, angekuja akitembea. Leo amekuja ameshamwaga damu nyingi, na mara ya tatu asingefika." Alisema hivyo kwa upole, akaenda kunawa.

Taraivini alibaki amesimama. Kosa aliloliogopa maisha yake yote, lile lenye jina, lile ambalo wanawake hunong'onezana visimani na makanisani, alikuwa ameondolewa. Mahali pake lilibaki jingine, ambalo katika lugha ya kwao hakuna aliyewahi kulipa jina.

"Kwa hiyo hukumtoa damu kwa kumfulisha nguo," alisema Varanisese.

"Hapana."

"Ulimnyamazisha."

"Ndiyo."

Varanisese aliitikia kwa kichwa polepole, kama mtu aliyekubaliana bei. "Sitamchukua. Hawezi safari ya meli, na mume wake ni mtu mwema. Lakini nitakaa kwako mpaka usiku wa mia. Jikoni nitaingia mimi. Na wakikuuliza kwa nini mama wa mke anapika katika nyumba ya mume, sitakujibia. Utasema mwenyewe."

Katika kijiji chao jambo hilo lilikuwa sawa na kutundika bendera juu ya paa. Taraivini alilijua hilo, na Varanisese alijua kwamba analijua.

"Jiko ni lako," alisema.

*

Wiki ya tano, mvua ilipokatika, wanawake walikaa ukingoni mwa mto kuchagua kome. Taraivini alifika na kikapu chake wakiwa katikati ya mazungumzo, na mazungumzo yakageuka haraka mno kuwa ya hali ya hewa. Mmoja wao, Losalini, ambaye ulimi wake haukuwahi kufungiwa kamba, alishindwa kujizuia.

"Mama Peceli, siku hizi moshi wa jikoni kwako unanukia kisiwani. Vipi, umestaafu?"

"Nimestaafishwa."

Wakacheka. Angeweza kuliacha hapo. Losalini mwenyewe alikuwa tayari ameshampa njia ya kutokea, maana aliongeza, "Tunasikia hospitali walisahau kitu tumboni mwake, ati. Siku hizi madaktari!"

"Hospitali hawakusahau kitu. Ni mimi. Alitokwa na damu siku ya tisa, nikaificha ili mama yake asijue. Mngekuwa mmeshamzika sasa, na mngekuwa mmeimba vizuri sana. Wamemwokoa kwa tundu dogo kuliko punje ya mchele, na mji wake wa mimba upo. Lakini mwaka huu mkitaka mwingine aongoze sala, nitaelewa."

Kome walisikika wakigongana ndani ya ndoo. Losalini aliangalia vidole vyake. Hakuna aliyesogea kumpa nafasi, na hakuna aliyeondoka. Taraivini aliketi pale ukingoni, miguu majini, akaanza kuchagua wake: wakubwa huku, wadogo kurudi mtoni.

Varanisese alikuwa ameteremka na sufuria ya kusugua, amesikia yote. Aliinama hatua mbili kutoka hapo, akachota mchanga, akaanza kusugua.

"Mama!" Ilikuwa sauti ya Miliakere, kutoka dirishani. "Mtoto kaamka!"

"Naam!" waliitikia wote wawili, kwa pamoja, kisha wakatazamana, mmoja na sufuria, mwingine na kome.

Dirishani Miliakere alicheka, kwa mara ya kwanza bila kujishika tumbo.

"Yeyote," alisema.